Shafti kuu ya giaboksi: jinsi inavyofunguliwa, inavyokaguliwa na inavyofungwa tena

Gari lililopakia kabichi na viazi Nyandira, likianza kuteremka kwenda Mzumbe, halishikwi na breki. Linashikwa na gia. Dereva anayeijua njia anaingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza, anaondoa mguu kwenye mafuta, na injini yenyewe inalizuia gari lisikimbie. Breki anazigusa kwenye kona tu, zisije zikachemka.

Sasa gia hiyo ichomoke yenyewe katikati ya mteremko. Mkono wa gia unaruka na kurudi fri, injini inabaki ikinguruma bure, na mzigo wote unaegemea breki. Utingo na jiwe lake la kuzuia tairi hana la kufanya gari likishashika kasi. Kwa hiyo kwa watu wa Mgeta, Kinole au Matombo, gia inayochomoka si usumbufu wa safari. Ni jambo la kufa na kupona.

Swali linalorudi kwetu ni hili: giaboksi imeshushwa, fundi ameifungua, vipuri vimenunuliwa, imefungwa tena, na baada ya wiki mbili gia ile ile inachomoka. Kwa nini? Sababu zipo kadhaa, lakini mara nyingi tatizo liko kwenye shafti kuu, na si kwa sababu kipuri kilikuwa kibovu. Kilifungwa kikiwa kimegeuzwa upande, au hakuna aliyepima nafasi kabla ya kufunga. Kuvua vitu kwenye shafti hiyo ni kazi nyepesi. Kuvirudisha kila kimoja mahali pake, kikitazama upande wake, ndiyo kazi yenyewe.

Hatutarajii kila msikilizaji ashike spana baada ya kusoma hapa. Tunataka mwenye gari akikaa pembeni ya meza ya fundi aelewe anachokiona, na kijana anayejifunza kazi apate mahali pa kuanzia. Tunazungumzia giaboksi za kukanyaga klachi zilizolala kwa urefu wa gari: Land Rover za zamani, pikapu, Land Cruiser, Hiace za gia za mkono, Canter na jamaa zake. Magari madogo yanayovuta kwa tairi za mbele yana mpangilio mwingine.

Kilichomo ndani ya giaboksi

Ndani ya giaboksi ya aina hii mna shafti tatu zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni fupi, inatoka kwenye klachi na kuleta nguvu ya injini. Ya pili iko chini, imejaa gia zilizoshikamana nayo, na inazunguka wakati wote shafti ya klachi inapozunguka. Ya tatu ndiyo shafti kuu. Hii inapeleka nguvu nyuma kwenye propela shafti, na kwenye gari la kuvuta tairi zote inapitia kwanza giaboksi ndogo ya kugawa nguvu.

Wengi hudhani kwamba dereva anapobadilisha gia, magurudumu yenye meno yanasogea na kukutana. Kwenye gia za mbele za giaboksi nyingi tunazozijua, sivyo. Gia za shafti kuu zimekutana na za shafti ya chini muda wote. Ila zile za shafti kuu zimekaa huru juu ya bushi au beringi za sindano, zinazunguka bila kuizungusha shafti, kama gurudumu la toroli linavyozunguka kwenye ekseli yake.

Kinachofunga gia moja na shafti ni bangili ya chuma inayoteleza. Bangili hiyo inapanda juu ya habu, na habu imeng'ang'ania shafti kwa mifereji yake. Ukisukuma mkono wa gia, foku, yaani uma wa chuma, unaisukuma bangili mpaka inayavaa meno madogo yaliyo ubavuni mwa gia. Hapo gia na shafti vinakuwa kitu kimoja na gari linavuta.

Kati ya habu na gia kuna pete ya shaba. Hiyo ndiyo sinkronaiza. Inajibana kwenye koni ya gia na kuifanya izunguke kwa mwendo mmoja na bangili kabla meno hayajakutana. Pete ikiisha, meno yanakutana yakiwa na mwendo tofauti, na unasikia ule mkwaruzo ambao abiria wote wanaugeukia.

Hapa kuna jambo la kuwafaa wenye Land Rover za kale. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo ya kwanza katika Land Rover hizo kuwa na sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele. Zilizotangulia zilikuwa nayo kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kwa hiyo ukiwa na Land Rover ya kabla ya hapo, na gia ya pili inakwaruza ukirudi kutoka ya tatu, usikimbilie kununua vipuri. Dereva inabidi akanyage klachi mara mbili na kugusa mafuta kidogo katikati. Wazee waliendesha hivyo miaka yote.

Kabla giaboksi haijashushwa

Kushusha giaboksi ni kazi ya kutwa nzima, na kwenye Land Rover hizo za zamani ni zaidi: sakafu na kasha la viti hung'olewa, kisha giaboksi inanyanyuliwa kupitia ndani, mlangoni. Kwa hiyo anza na yale ya nje.

Gia zote zinaingia kwa shida injini ikiwa inawaka, lakini ikizimwa zinaingia laini? Hiyo huenda ni klachi isiyoachia. Pumpu ya klachi inavuja, au klachi inataka kurekebishwa. Gia moja tu inakwaruza? Hapo sinkronaiza yake inashukiwa. Sauti inasikika gari likiwa fri na kupotea ukikanyaga klachi? Tazama beringi ya shafti ya klachi na za shafti ya chini. Sauti ipo kwenye gia zote, ila gia ya moja kwa moja, ambayo kwa kawaida ni ya nne, iko kimya? Inaweza kuwa shafti ya chini, au beringi ndogo ya sindano inayokaa kati ya shafti ya klachi na pua ya shafti kuu. Kwenye gia hiyo shafti mbili zinazunguka pamoja, ndiyo maana beringi ile inapumzika.

Gia inayochomoka nayo ina visababishi vya nje. Mpira wa kushikilia injini ukikatika, injini inacheza na kuvuta gia. Springi na goroli za kushikilia foku zikichoka, gia haikai. Kwenye Land Rover za Series kuna nati kubwa nyuma ya shafti kuu ambayo ikilegea inaruhusu shafti nzima kutembea mbele na nyuma. Hiyo inafikiwa kwa kufungua kifuniko cha nyuma cha giaboksi ndogo, bila kushusha chochote. Tumeambiwa na zaidi ya fundi mmoja kwamba hiyo ndiyo nati wanayoitazama mwisho, wakati ilipaswa kuwa ya kwanza.

Mwaga oili kwenye chombo safi na uiangalie juani. Unga laini unaong'aa rangi ya dhahabu ni shaba ya pete inayolika polepole, jambo la kawaida kwa giaboksi iliyofanya kazi. Vipande vya chuma vyenye kingo ni jino lililovunjika au beringi iliyopasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, labda ile siku mlipovuka kijito kimejaa. Na oili hiyo isimwagwe mferejini. Mito ya Uluguru inakwenda kunywewa na watu: Ngerengere inajaza bwawa la Mindu la mjini Morogoro, na maji ya Ruvu yanafika hadi Dar es Salaam. Itie kwenye dumu.

Neno moja kwa madereva wanaofunga mkono wa gia kwa mpira wa tyubu ili gia isichomoke, au wanaoushikilia kwa goti. Mpira huo unaisukuma foku ijisugue kwenye bangili inayozunguka, safari nzima. Foku inachemka na kulika, na kazi ambayo ingekuwa ya pete moja inakuwa ya foku, bangili na gia. Halafu mpira unakatika. Na hukatika mteremkoni, kwa sababu huko ndiko gia inakovuta kutoka.

Kufungua shafti

Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi au magogo imara, kamwe si jeki peke yake. Giaboksi ioshwe nje kabla ya kufunguliwa. Udongo mwekundu wa Matombo ukiingia ndani ya beringi mpya, ni sawa na kuweka msasa.

Kifuniko na foku zikitoka, chunga zile goroli na springi ndogo. Zimebanwa, na zinaruka. Weka kitambaa juu ya tundu kabla ya kuvuta. Kati ya reli za foku mna pia vipini vidogo vinavyozuia gia mbili kuingia kwa wakati mmoja. Vihesabu.

Shafti kuu ikiwa nje, fundi mzuri havui kitu bado. Kwanza anapima. Anapitisha fila geji kati ya kila gia na kitu kilicho jirani yake ili kujua gia inacheza kiasi gani mbele na nyuma. Kisha anaibana kila pete ya shaba kwenye koni yake na kupima mwanya kati ya pete na meno madogo ya gia. Vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi. Ukiisha kuvua, huwezi tena kujua hali ilikuwaje.

Halafu toa simu. Hii ndiyo faida ambayo mafundi wa zamani hawakuwa nayo. Piga picha ya shafti nzima, mbele na nyuma, kisha picha kila kitu kinapotoka. Usipige ya juu tu. Piga ya upande, ionekane ni sehemu ipi ya habu iliyo ndefu na inatazama wapi. Tia alama ya rangi au chokaa juu ya bangili na habu yake mahali vinapokutana. Usitumie tindo kugonga alama juu ya chuma kigumu cha gia.

Upande wa mbele kwa kawaida kuna saklipu inayoshika habu ya gia ya tatu na ya nne. Inatolewa kwa koleo yake, si kwa bisibisi mbili, na saklipu iliyotolewa hairudishwi. Habu inatoka na bangili yake, kisha pete ya shaba, kisha gia ya tatu na bushi au beringi yake ya sindano.

Upande wa nyuma unaanza na nati. Mara nyingi ukingo wake umegongwa ndani ya mfereji wa shafti ili isilegee. Nyanyua ukingo huo kabla hujaweka spana, la sivyo unaharibu nyuzi. Baada ya nati kuna gia ndogo ya kupimia mwendo kwenye baadhi ya magari, na beringi kubwa. Beringi ivutwe kwa pula au isukumwe kwa presi, ikiwa imeegemezwa vizuri. Kuigonga shafti kwa nyundo ya chuma huku mtu ameishika mkononi ni njia ya haraka ya kupinda shafti na kuua nyuzi zake. Gereji nyingi za vijijini hazina presi. Afadhali shafti peke yake ifungwe kwenye gunia safi, ipande basi hadi Morogoro mjini ikasukumwe, irudi jioni.

Nyuma ya beringi inafuata washa ya kuzuia, gia ya kwanza, bushi au beringi yake, pete, habu ya gia ya kwanza na ya pili, pete nyingine, na gia ya pili. Kwenye giaboksi kadhaa, za Toyota mojawapo, kuna goroli moja ndogo iliyojificha chini ya bushi ya gia ya kwanza kuizuia isizunguke. Inaanguka kimya. Tandika kitambaa cheupe chini.

Kila kinachotoka kichomekwe kwenye fimbo nyembamba au waya kwa mpangilio ule ule, kikitazama upande ule ule, kama nyama kwenye mshikaki. Pete ya gia ya tatu isichanganywe na ya nne hata kama zinafanana kama pacha. Kila moja imesuguana na koni yake kwa miaka, na imezoea umbo la koni hiyo.

Kukagua, na kuamua kununua nini

Vioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli inaosha vizuri zaidi, na ndiyo inayounguza gereji. Beringi isipulizwe kwa upepo wa kompresa mpaka ianze kulia. Inazunguka kavu na kujiumiza.

Yaangalie meno madogo ubavuni mwa gia. Ya gia nzima yana ncha, kama paa la nyumba. Yaliyoliwa yamekuwa duara, na duara halishiki: bangili inapanda juu yake, gari likivuta kinyume inateleza na kutoka. Angalia pia ndani ya bangili, maana meno yake ndiyo yaliyosuguana na hayo. Kuweka gia mpya na bangili ya zamani iliyolika ni kununua tatizo upya.

Pete ya shaba ina mistari myembamba kwa ndani, kama nyuzi za boliti. Kazi yake ni kukata oili ili shaba iishike koni. Ikiwa imefutika, pete imekwisha. Ivishe kwenye koni, ibane kwa vidole na ujaribu kuizungusha: inatakiwa ing'ang'anie. Kisha angalia ule mwanya uliopima. Vitabu vya giaboksi nyingi za Toyota vinataka usipungue milimita 0.8, vipimo vya gari lako viko kwenye kitabu chake. Huna fila geji? Mgongo wa msumeno wa chuma wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.6. Kama hauingii kwenye mwanya, pete hiyo usibishane nayo. Ukiingia haimaanishi kwamba pete ni nzima; bado kipimo halisi kinahitajika.

Shafti yenyewe ipangusie kitambaa na uisikie kwa kucha pale gia zinapozungukia. Mkwaruzo unaokwama kucha utakula bushi mpya. Rangi ya buluu ni alama ya joto: ilikosa oili. Mifereji inayoshika habu ikiwa imelegea hadi habu inatikisika kushoto na kulia, hakuna pete itakayoponya gari hilo.

Hapo mwenye gari anafika njia panda. Anunue vipuri, au anunue giaboksi nzima iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam? Maoni yetu ni haya. Kama shafti na gia ni nzima, na kilichoisha ni pete, beringi, saklipu na sili za oili, tengeneza. Giaboksi ya mtumba huijui ilikotoka, na pete zake huenda zina umri ule ule wa zako. Kama shafti imepinda au gia mbili zimevunjika meno, hesabu ya giaboksi ya mtumba inaanza kuwa na maana, ila ifunguliwe kifuniko uitazame kabla ya kulipa. Pete zilizotumika usinunue kwa bei yoyote.

Na unapokwenda dukani, beba kipuri cha zamani mkononi. Jina la gari halitoshi. Gari la aina moja limefungwa giaboksi tofauti kwa miaka tofauti.

Kufunga tena

Hapa ndipo haraka inapoharibu. Meza ioshwe, mikono ioshwe, na kila kitu kipakwe oili ya gia kabla ya kuingia. Kinachofungwa kikavu kinajila katika dakika za kwanza.

Habu nyingi zina vipande vitatu vidogo vya chuma na springi mbili za duara, moja kila upande. Nundu ya kipande inatazama nje, kwenye bangili. Ncha za springi mbili zisiingie kwenye kipande kimoja. Zipishanishwe, ili nguvu igawanyike. Ukimaliza, bangili iteleze kwa kidole bila kukwama.

Sasa upande wa habu. Habu nyingi hazilingani pande zote mbili: upande mmoja una shingo ndefu. Ukiigeuza itaingia kwenye shafti bila kulalamika, na hilo ndilo linalowaponza mafundi. Lakini bangili sasa imekaa nje ya mahali pake. Inafika kwenye gia moja mapema, na kwenye nyingine inafika nusu ya meno tu. Gia inaingia, dereva anaondoka, mteremko wa kwanza inachomoka. Fungua picha zako. Linganisha. Bangili nayo ina upande wake, kwa hiyo alama za rangi zikutane.

Washa zenye mifereji ya oili huelekezwa kwenye gia inayozunguka, si kwenye ukuta uliosimama. Goroli ndogo ibandikwe na grisi ili isianguke. Kila gia ikikaa, izungushe kwa mkono: iende bure, laini. Kila pete nayo iwe na mchezo kidogo, na vipande vya habu vikae ndani ya nafasi zake tatu. Kitu kikigoma, usigonge. Vua urudie.

Beringi ya ndani inayobana shafti isukumwe kwa bomba linalogusa pete yake ya ndani tu. Ukiisukuma kwa pete ya nje, nguvu inapitia kwenye goroli na kuzitia vidonda usivyoviona. Vitasikika baada ya mwezi. Ikiwa hakuna presi, beringi ipashwe moto kidogo: itumbukize kwenye kikopo cha oili kilichokaa ndani ya sufuria la maji yanayochemka. Kwa njia hiyo joto haliwezi kupita nyuzi 100, na beringi inateleza mahali pake kwa mkono wenye glavu. Moto wa gesi moja kwa moja unalainisha chuma chake. Sasa kazi imekwisha harufu tu.

Saklipu za kushika habu na beringi huuzwa kwa unene tofauti kwa baadhi ya giaboksi. Anayechukua iliyo nyembamba kwa sababu inaingia upesi anaacha habu ikicheza. Inayotakiwa ni nene kuliko zote zinazokubali kukaa vizuri kwenye mfereji. Nati ya nyuma iwe mpya, ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha ukingo wake ugongwe ndani ya mfereji.

Pima tena kila gia kwa fila geji. Giaboksi nyingi za Toyota zinataka gia icheze kati ya milimita 0.10 na 0.25, na ikifika zaidi ya 0.30 kuna kilicholika au kilichosahaulika. Linganisha na karatasi ile ya kwanza. Kama gia iliyokuwa ikichomoka bado inacheza kama mwanzo, giaboksi isifungwe. Kosa liko mezani, halijaondoka.

Kabla ya kifuniko

Shafti zikiwa ndani ya nyumba ya giaboksi na foku zimerudi, ingiza gia moja moja kwa mkono na uzungushe shafti ya klachi. Kila gia izungushe shafti ya nyuma, kwa mwendo wake, bila kukwama. Kwenye gia ya moja kwa moja zote mbili zizunguke sawasawa. Kwenye fri shafti ya nyuma isiburutwe kwa nguvu. Kwenye rivasi irudi kinyume.

Jaribu pia kuingiza gia mbili kwa pamoja kwa kusukuma reli mbili. Isiwezekane. Ikiwezekana, vile vipini vidogo vimebaki kwenye kopo la kuoshea. Gari likitembea hivyo na gia mbili zikishikana barabarani, tairi za nyuma zinakwama ghafla.

Bangili ikiwa imeingia kwenye gia, ichungulie: imeyafunika meno madogo yote, au imeishia katikati? Huo ni uchunguzi wa dakika moja unaozuia kushusha giaboksi mara ya pili. Mwenye gari, hapa ndipo pa kuinama na kutazama kwa macho yako.

Oili na barabara

Tia oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Oili za gia zimeandikwa GL-4 au GL-5, na tofauti si ya bei tu. Giaboksi nyingi za zamani zenye pete za shaba zinataka GL-4. Baadhi ya oili za GL-5, zilizotengenezwa kwa ajili ya difu, zina dawa inayoweza kuila shaba. Jaza kupitia tundu la pembeni mpaka ianze kumwagika, gari likiwa mahali tambarare. Tunajua Bunduki na Tchenzema tambarare ni ya kutafuta. Uwanja wa shule unafaa. Wenye Land Rover wakumbuke kwamba giaboksi ndogo ina tundu lake na oili yake.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo na bila abiria, barabara ya tambarare. Pandisha gia zote, shusha zote. Kisha, kwenye mteremko mfupi unaoishia kwenye kipando, na breki zikiwa zimeshajaribiwa, ingiza gia ile iliyokuwa ikisumbua, ondoa mguu kwenye mafuta ghafla, rudisha, ondoa tena. Mkono wa gia usiguswe. Ukitikisika kidogo ni kawaida. Ukirudi nyuma taratibu kuelekea fri, gari lirudi kwa fundi siku hiyo hiyo, likiwa tupu.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi mwaga oili hiyo na kutia nyingine, maana pete mpya zinapozoeana na koni zinaacha unga mwingi. Vipuri vilivyotolewa vidai, hata kama ni vyuma chakavu. Na zile picha kwenye simu usizifute. Mtumie na dereva, kwa sababu siku giaboksi hiyo itakapofunguliwa tena, huenda ikawa mikononi mwa fundi mwingine, Mkuyuni au Kisaki, ambaye hakuwepo leo.